Midomo Ilipoelekea

Mwaka wa tisini na sita, mtaa wa Noonkopir haukuwa na kuta. Ukisimama mlangoni unaona pundamilia hadi macho yachoke. Naliaka hukumbuka uwazi ule kwa hamu, mpaka akumbuke ile Jumamosi.

Alikuwa kwenye foleni ya maji, mtungi kila mkono. Elsie wake wa miaka mitano alikuwa akimvuta leso.

"Nenda uningojee pale," akamwambia, akisukuma midomo kuelekea mkokoteni wa Muteti, muuza maji. Punda wa Muteti alipendwa na watoto wote.

Alipogeuka tena, mkokoteni ulikuwa umeshaenda. Nyuma ya pale ulipokuwa, moja kwa moja mbele ya midomo yake, sasa palionekana shimo la machimbo ya mawe, limejaa maji ya mvua.

Mitungi ikaanguka. Akamkimbilia Nashipae, jirani aliyeuza maziwa kando ya njia.

"Umeona Elsie?"

Nashipae akainua kidevu. "Si yule pale?"

Naliaka akafuata kidevu, akaona maji matupu. "Nionyeshe na kidole, wewe!"

"Mtoto wa mtu? Kwetu mtoto hanyoshewi kidole kama ng'ombe wa sokoni. Kuja hapa, Mama Elsie."

Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akaweka kidevu chake begani mwa Naliaka, shavu kwa shavu. Ndipo Naliaka akaiona: sweta nyekundu nyuma ya rundo la kokoto, ukingoni kabisa.

"Usimwite," Nashipae akanong'ona. "Akishtuka ataruka."

Naliaka akaenda polepole mpaka akaishika ile sweta.

"Mama, umechelewa," Elsie akasema, kokoto mkononi. "Punda alienda, mimi nikakungojea tu pale ulisema."

Hakumchapa. Angemchapia nini? Mtoto alikuwa ametii.

Siku hizi machimbo yamejengwa fleti, na Nashipae alihamia Mashuuru. Elsie naye ni mama. Juzi alikuwa na simu sikioni, akamwambia mwanawe Whitney, "Kaa hapo," akitikisa kidevu tu kuelekea upande wa lango.

Naliaka akaacha sufuria jikoni. Akachuchumaa nyuma ya mjukuu, akaweka kidevu kwenye kile kibega kidogo, atazame kutoka hapo. Lango lilikuwa wazi. Ng'ambo yake, barabara kuu ya Namanga, malori yakipita.

"Elsie," akaita kwa sauti ya chini. "Weka simu. Kuja uone mahali umemtuma."