Kidole cha Mwisho cha Mkono wa Kushoto

Kwa miaka ishirini na mitatu Profesa alikuwa na kazi mbili alizoziita moja: kupiga saksafoni jukwaani na okestra, na kuifundisha chuo kikuu. Si ile ya ukumbi wa dansi. Yake ilikuwa ya muziki ulioandikwa noti kwa noti, wasikilizaji wametulia na programu mapajani. Wanafunzi walimwita Mama Mizani, maana hakukubali sauti ipande hata chembe kuliko ilivyotakiwa.

Kisha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikaanza kumkaidi.

Mwanzoni kilichelewa tu. Baadaye, kila alipofika sehemu ya kasi, kilijikunja chenyewe kikaingia kiganjani. Cha ajabu, kwenye mambo mengine kilikuwa kizima: kilifunga vifungo, kilishika kikombe, kilichapa barua. Akiishika saksafoni tu, kinagoma. Hakumwambia mtu. Baada ya miezi miwili alikuwa apige konseti na okestra, utungo mpya ulioandikwa kwa ajili yake.

Utulivu ukamhama. Alianza kusahihisha insha, akaziacha katikati, akaenda kufunga dirisha lililokwisha fungwa. Alipita korido ya idara huku na huku, mkono mfukoni. Chakula cha mchana alikula amesimama. Jumapili moja mdogo wake, ambaye ni nesi, alimkuta akihamisha kabati la vitabu kwa mara ya pili wiki ile.

“Dada, una nini? Tangu nimekaa hapa umeinuka mara sita.”

“Nanyoosha miguu.”

“Na mkono je? Mbona unauficha kama umeiba?”

“Baridi tu.”

“Baridi ya mkono mmoja!” Mdogo mtu akacheka, halafu akaacha kucheka. “Twende kwa daktari. Nitakusindikiza.”

“Baada ya konseti.”

Ili mambo yaende, alikuwa amebuni chenga. Aliinua bega la kushoto, akapinda kifundo cha mkono kwa nje, na noti za chini akazifikia kwa kidole cha pete. Sauti ilipungua utamu kidogo, lakini ilitoka. Hata darasani alipiga vivyo hivyo.

Alikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, binti ambaye wenzake walimwita Kimya. Huyo hakuwa mtu wa maelezo. Alijifunza kwa macho. Mwalimu akipiga, yeye anatazama, na kesho yake analeta kilekile.

Siku ya mtihani wa Kimya alialikwa mtahini kutoka chuo kingine, mzee wa sauti ya upole na kalamu isiyopumzika. Alikaa mezani pamoja na mkuu wa idara na Profesa. Kimya alianza vizuri. Ilipofika sehemu ya kasi, bega lake la kushoto likapanda, kifundo kikapinda nje, noti za chini zikakwaruza, moja ikakosekana kabisa.

Profesa aliweka kalamu chini. Alikuwa anajitazama mwenyewe.

“Binti, mkono unakuuma?” mtahini akauliza.

“Hapana, mzee.”

“Basi mtindo huu umeutoa wapi? Utakuharibu kabla hujafika miaka thelathini. Nani alikufundisha?”

Kimya akatazama zulia. “Nimejizoesha mwenyewe.”

Mkuu wa idara akaandika kitu. Profesa akafikiria konseti, mabango yaliyokwisha bandikwa, jina lake juu ya mabango hayo. Akinyamaza, hakuna atakayejua.

“Anasema uongo,” akasema, tayari amesimama. “Ni mimi. Kidole changu kimegoma tangu mwaka jana. Nimekuwa nikipinda mkono ili kisionekane, naye ameniiga. Msimkate alama kwa kosa langu.”

“Tangu mwaka jana?” Mkuu wa idara alivua miwani. “Na konseti?”

“Sitapiga.”

Nje ya mlango Kimya alimfuata mbiombio, macho mekundu. “Kwa nini umesema, Mwalimu? Ningerudia tu mtihani.”

“Ungerudia nini, na mimi ndiye ningekufundisha?”

Okestra ikapata mpigaji mwingine. Saa ya konseti Profesa alikuwa nyumbani akiosha madirisha, hata yale safi. Daktari alimweleza kwamba kidole hakina ugonjwa. Ubongo ndio unaochanganya amri, na huenda usirekebike. Akampa zoezi: noti moja ndefu, kisha uweke ala chini, upumzike dakika kumi. Kwa mtu wa aina yake dakika hizo zilikuwa kifungo.

Kimya aliahirishiwa mtihani, akahamishiwa kwa mwalimu mwingine, akahangaika nusu mwaka kuvunja mazoea yale. Aliporudia mtihani alifaulu, alama nzuri ingawa si za juu kabisa. Kidole cha Profesa kimerudisha noti mbili za taratibu. Sehemu za kasi bado.

Juzi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alimwomba, “Mwalimu, tupigie kidogo sehemu hii ya kasi tusikie inavyokwenda.”

“Hiyo siwezi kuipiga,” akasema. “Nitakuimbia.”

Akaimba kwa sauti yake ya kukwaruza, huku akigonga mapigo mezani kwa penseli. Alipokosea njiani, akaanza upya.