Makala ya Profesa Luhaga

Sabina, mkutubi wa chuo kikuu kimoja jijini Mwanza, alizoea kudharauliwa na wahadhiri, naye alikuwa amejifunza kuwadharau kimyakimya. Katika kila semina ya zana za kidijitali walifika saa ya chai, wakasaini mahudhurio na kuondoka wakisingizia mtandao.

Safari hii Profesa Luhaga alikuja mapema, akaketi mbele. Sabina alipoomba andiko la kupima kwenye programu ya kubaini wizi wa maandishi, profesa alijitolea.

"Weka makala yangu ya dagaa, ile iliyochapishwa jaridani. Hawa vijana waone kazi safi."

Sabina akaipakia. Ukutani ukatokea ukurasa mwekundu mtupu: asilimia themanini na moja ilitoka kwenye tasnifu ya Mwanaheri Seif, ambayo Luhaga mwenyewe aliisimamia. Mwanaheri, sasa mhadhiri msaidizi, alikuwa ameketi nyuma.

"Programu hii ina hitilafu," Luhaga alisema.

"Shikamoo, Profesa," Mwanaheri alisema kwa upole. "Mimi nilikosea kwenye tasnifu, nikaandika dagaa hushushwa mwalo wa Igoma badala ya Igombe. Igoma hakuna ziwa. Na wewe umeandika Igoma."

Watu wakaangua kicheko. Luhaga hakuitikia hata marahaba.

"Zima hiyo," alimwamuru Sabina.

"Naichapa kwanza," Sabina alijibu, akamkabidhi Mwanaheri ripoti yote.

Muhula haukuisha kabla makala haijaondolewa kwenye jarida. Luhaga aliiandikia maktaba barua kulalamika kwamba semina za maktaba hazina faida kwa wasomi. Sabina aliisoma mara mbili, akasahihisha tahajia kwa kalamu nyekundu na kumrudishia.