Jina la Fancy Halikurudi Nyumbani

Mzee Lazarus alipita mbele ya boma la Rebeccah na mtungi wake mtupu, bila kusalimia. Watu waliopakana shamba miaka yote hiyo, waliosaidiana kuzika wazazi, leo mzee anapita kama anayepita kando ya kichaka. Rebeccah akaacha kukamua, akamfuata mpaka kwa geti.

"Chamgei, mzee."

Lazarus alisimama, lakini uso hakugeuza. "Bot Fancy, wewe mama yake, hiyo salamu mpe msichana wako. Mwambie maji yake nimekunywa nimeshiba."

Akaenda zake.

Huku juu ya Ndanai mlevi husamehewa. Hata mwenye ng'ombe aliyemaliza mahindi ya jirani husamehewa, akija na maneno mazuri. Lakini aliyetia maji kwenye maziwa hasamehewi, na watoto wake wataitwa watoto wa mwizi hata wakienda kuolewa mbali. Na Jumanne, mbele ya foleni nzima ya chama cha maziwa, maziwa ya Lazarus yalikuwa yamemwagwa mtaroni. Simu yake ililia akiwa bado ameshika mtungi: Maziwa yako yana maji. Yamekataliwa. Umehudumiwa na Fancy Chepkemoi.

Fancy ni binti ya Rebeccah, na kazi yake ni kupima maziwa pale chamani. Na Jumanne hiyo Fancy hakukanyaga kazini. Aliomba ruhusa, akampeleka mama yake Kaplong kupimwa presha, wakakaa benchi moja bega kwa bega mpaka saa za chakula.

Basi jina lake lilifikaje kwenye mizani?

Chama kilikuwa kimeleta programu ya kompyuta ya kupokea maziwa na kutuma meseji kwa wakulima. Kitu kama hicho hakinunuliwi mara moja kama jembe. Kinalipiwa kila mwezi, na kila mfanyakazi anayekigusa anatakiwa kuwa na leseni yake, kwa jina lake, na paswadi anayoijua yeye peke yake. Isaiah, meneja, aliona hiyo ni hasara. Akalipia leseni moja ya kwenye mizani, ya Fancy, wengine akawaambia watumie hiyo hiyo. "Si sisi ni familia?" akasema. Kwenye mkutano alisifiwa kwa kubana matumizi, wakulima wakapiga makofi. Hata Rebeccah alipiga.

Fancy akapeana paswadi. Angekataaje? Amelelewa katika nyumba ambayo jirani akija na gae kuomba kaa la moto hanyimwi, hata kama mligombana jana. Akaitoa vile mtu hutoa kaa, bila kuuliza linaenda kuwasha nini.

Aliyekuwa kwenye mizani Jumanne ni Benard, mtoto wa dada ya meneja. Alimpigia Fancy simu jioni hiyo, anacheka kidogo. "Aki Fancy, nilisuuza kikombe cha kupimia nikasahau kumwaga maji. Ikasoma vibaya. Lakini si uliniambia niingie tu na yako?" Mbele ya meneja, Benard huyo huyo alikuwa kimya kama mawe ya jiko.

Alhamisi Fancy akasimamishwa kazi mpaka kamati ikae. Rebeccah hakungoja kamati. Alienda ofisini na gambuti zake za matope.

"Mama, kompyuta haidanganyi," Isaiah akamwambia. "Imesema ni Fancy."

"Kompyuta ilikuwa Kaplong na sisi?"

"Basi kama si yeye, alipeana paswadi. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alitia sahihi kwamba leseni ni ya mtu mmoja."

"Na nani alimwambia apeane?"

Isaiah akaegemea kiti. "Uko na karatasi imeandikwa hivyo?"

Rebeccah alielewa ujanja wake hapo hapo. Akisema mtoto alipima, mtoto amemdhulumu mzee. Akisema hakupima, mtoto amevunja sheria. Ni mtego wa fuko, aingie huku atoke kule, kamba ni ile ile. Alitoka bila kuaga, na presha ambayo Kaplong walisema imeshuka aliisikia masikioni ikipiga ngoma.

Asubuhi iliyofuata alimpa mtu wa bodaboda maziwa ayapeleke, kwa sababu hakutaka kuonana na watu. Akarudi jikoni. Fancy alikuwa amepiga magoti anapuliza moto, macho mekundu, na haikuwa moshi peke yake. Simu ya Rebeccah ikalia.

Maziwa yako yamepokelewa. Umehudumiwa na Fancy Chepkemoi. Asante.

Rebeccah alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Akamtazama binti yake pale chini, majivu kwenye nywele.

"Fancy, wewe uko wapi saa hii?"

"Mama?"

"Nauliza uko wapi. Kwa sababu hapa imeandikwa uko kazini."

Yaani mtoto amefukuzwa, jina limebaki linatumwa kama punda. Kesho yake likimwaga maziwa ya mwingine, ni nani atachukiwa? Likikubali maziwa yenye dawa ya ng'ombe na mtoto wa mtu augue, polisi watakuja kwa mlango wa nani? Mzazi unayesoma hapa, mtoto wako akiacha kazi usimuulize tu kama amelipwa. Muulize kama jina lake wamelitoa kwenye mashine.

Siku iliyofuata Rebeccah alibeba maziwa mwenyewe, na Fancy akaenda naye. Hakutaka. Alivutwa mkono kama mtoto wa nasari. Walipofika, foleni yote ikageuka. Lazarus alikuwa huko mbele, ameleta maziwa tena kwa sababu angeyapeleka wapi. Rebeccah akamsimamisha Fancy katikati ya uwanja.

"Ingiza mikono kwa mifuko," akamwambia. "Usiguse kitu."

Benard alikuwa kwenye mizani. Akapima ya kwanza, akabonyeza. Simu ikalia kwenye foleni. Akapima ya pili. Ikalia nyingine.

"Someni," Rebeccah akasema. "Mwenye simu asome kwa sauti."

Adongo, aliyeolewa huku kutoka upande wa ziwa, hajawahi kuombwa kusema mara mbili. "Umehudumiwa na Fancy Chepkemoi," akasoma. Akamtazama Fancy, akamtazama Benard kutoka viatu mpaka kichwa. "Wee Fancy, umeota ndevu lini?"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika. Lazarus alikuwa ametoa simu yake, anatafuta ile meseji ya Jumanne. Aliiangalia sana. Halafu akamwangalia Benard, na Benard akaangalia kikombe.

Isaiah alitoka ofisini mbio. "Mama Fancy, unasumbua kazi."

"Toa jina la mtoto wangu."

"Nikilitoa, mashine haifunguki. Leseni ni hiyo moja. Maziwa ya watu wote yatachacha hapa, jua hilo linapanda. Unataka hivyo?"

Akageukia foleni awape nafasi ya kumkemea huyo mama. Rebeccah akaitazama foleni. Mitungi ilikuwa mingi, na mmoja ulikuwa wake, maziwa ya kulipa karo ya mdogo wake Fancy.

"Yachache," akasema. "Yangu yaanze."

Kisha Lazarus akavuta mtungi wake nje ya mstari, akaukalia.

"Toa," akamwambia meneja. "Hata mimi nangoja."

Adongo akaukalia wake. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, mpaka Isaiah akabaki amesimama peke yake kati ya watu waliokaa. Akatoa simu, akafuta jina la Fancy, Rebeccah akiwa amesimama begani kwake, akaanza kubonyeza. Akalipa. Chai ya askari wa geti ilikuwa bado inatoa mvuke alipomaliza: Benard alikuwa na leseni yake.

Rebeccah alitazama huo mvuke, na hasira yake badala ya kushuka ikapanda upya. Kumbe ni kitu cha muda huu mfupi tu. Kwa hiki kitu cha muda huu, mzee wa watu ameitwa mwizi.

"Sasa waambie nani alimwambia apeane," akasema.

Isaiah akajikuna shingo. "Ni mimi niliwaambia."

"Sauti."

"Ni mimi."

Lazarus akainuka. Alipompita Fancy akampa mkono. "Chamgei, mtoto," akasema, na Fancy akatoa mkono mfukoni, akaupokea.

Mtungi wa Lazarus ndio ulikuwa wa kwanza. Benard akachukua kikombe cha kupimia, akakisuuza, akakipindua. Akakipindua tena. Halafu, mbele ya macho yote hayo, akatoa kitambaa mfukoni akakifuta ndani mpaka kikalia. Meseji itakayotoka sasa itakuwa na jina lake.