Simu Ndani ya Mkebe wa Unga

Osman aliizika simu ndani ya mkebe wa unga, akarudi kuketi mkekani mbele ya binti yake.

"Haya, soma. Leo nipo."

Jumamosi Sumeya angesimama mbele ya mwalimu wa madrasa kusoma sura ya Mulk kwa moyo. Mara ya mwisho alisoma na kosa alilokuwa amelizoea, wenzake wakacheka, naye akalia njia nzima hadi mtaani kwao, West Indies. Nyumbani ni Osman pekee aliyehifadhi Qurani. Ni yeye tu ambaye angelisikia kosa.

Msichana akafumba macho, akaanza. Jikoni, mkebe ukatetemeka.

"Osman," mkewe Ayan akaita, "unga wako unakutafuta!"

"Uache."

Ukaachwa. Lakini lori lake moja lilikuwa limekwama mpakani Malaba tangu asubuhi. Labda ni dereva. Labda ni mwenye mzigo. Mkebe ukanyamaza, ukaanza tena. Osman akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza.

"Mashallah. Endelea, mwanangu."

Sumeya akafumbua macho, akamtazama babake. "Aabo, nimeruka aya."

"Ipi?"

"Nyingi. Nimeruka makusudi."

Mkebe ukatetemeka.

"Nenda tu, Aabo," akasema Sumeya, bila hasira hata kidogo.

Akaenda. Hakuwa dereva. Ilikuwa video ya ngamia kwenye grupu ya ukoo. Akiwa na unga hadi viwikoni, aliitazama mpaka mwisho.

Kesho yake aliifungia simu ofisini, akarudi nyumbani mapema. Mlangoni alimsikia Sumeya akisoma, akikwama, akijirekebisha. Alikuwa peke yake mkekani, simu ya mamake imeegemezwa kwenye birika.

"Ina programu ya Qurani, inasikiliza," akaeleza. "Nikikosea inalia."

"Mimi je?"

"Keti, Aabo. Lakini hii haiendi jikoni."

Osman akavua viatu, akaketi. Safari hii alisikia kila herufi, hata pumzi za mtoto katikati ya aya. Karibu na mwisho akalisikia kosa, dogo, lile lile la siku zote. Akafungua mdomo.

Simu ikalia kabla yake.

Sumeya akajirekebisha, akaendelea, macho kwenye kioo cha simu. Osman akafunga mdomo.