Folda Inayoitwa Sijui

...na bado ni chekundu, nimefuta mafaili sita na kimstari cha nafasi bado ni chekundu, GB mbili tu zimebaki na video ya sendofu ya Sayi inataka kumi, bila nafasi itarenda, yaani itajiunga iwe video moja, mpaka asilimia tisini na tano halafu ikate, kama jana ilivyonikatia nikabaki naitazama skrini mdomo wazi, na Mama Sayi amekaa palepale kwenye benchi amejifunga kitenge cha pili mabegani, maana upepo wa mwezi wa saba hapa Mazwi unaingia chini ya mlango bila hodi, bado kidogo mama, namwambia, naye anasema haya mwanangu, basi langu saa tisa, na sasa ni saa saba na nusu, na neno hilo la bado kidogo nimelisema mara ngapi tangu asubuhi sijui... Theodory aliyenifundisha kazi hii ya video alikuwa na masharti kuliko padre, panga mafaili kwa ukubwa usihangaike na madogo, angalia tarehe, la mfumo wa kompyuta usiliguse, hasa kama jina lake hulielewi, hukulileta wewe, lina mwenyewe, na lolote usilolijua fungua kwanza uone ni nini ndiyo ufute, na kapu la takataka usilimwage siku hiyohiyo, lala kwanza, hilo leo nimelivunja, na Theodory mwenyewe alishafuta harusi nzima ya mwalimu mkuu, ndiyo maana anajua. Mimi nikaongeza la kwangu, folda inayoitwa Sijui, kila nisichokikumbuka natupia humo, na humo ndimo ninamopepeta sasa, wimbo wa kwaya uliokatika katikati, fungua, sikiliza, futa, picha mia mbili za mahindi ya nani sijui, futa, ng'ombe wakinywa maji, hii ya baba mmoja aliyetaka kundi lake lote lionekane mpaka ndama wa mwisho, dakika arobaini wanakunywa, jua limelala juu ya maji, mikia inapunga polepole, wananyanyua vichwa, wanavirudisha, ningeweza kukaa hapa nikanywa nao mpaka jioni, imefika ngapi mwanangu? bado kidogo mama, futa, poleni ng'ombe, na sasa limebaki hili moja, kubwa kuliko yote, MVI_0417, GB kumi na moja, tarehe kumi na nne mwezi wa pili mwaka juzi, na hili silijui. Silijui kabisa. Halina jina, namba tu, na likiondoka Sayi anapata nafasi yake na chenji inabaki, kwa hiyo silifungui, nalibofya, nabonyeza futa, na kompyuta inaniuliza, faili hili ni kubwa mno kwa kapu la takataka, litafutwa moja kwa moja, una uhakika? Ndiyo. Hapana. Kidole kiko juu ya Ndiyo na hakishuki, eti silijui, namdanganya nani, mashine?

Ni mazishi ya baba. Haya, nimesema. Mvua za mwezi wa pili, ulezi shambani umefika magotini, kijani mpaka unapoishia mlima, ukungu unapita katikati ya watu unawafuta mmoja mmoja kisha unawarudisha, na mimi na kamera, kwa sababu Eustace kaka yangu alikuwa Wampembe ziwani na barabara ya kupanda huku ilikuwa matope matupu, hakuna gari lililokubali, akanipigia simu, nipigie video dada, nami nimzike, basi nikapiga, nani mwingine angepiga, na Shangazi Fransiska akanivuta kanga mbele ya watu, Redempta, weka hicho kitu chini umlilie baba yako, nikamwambia nakuja shangazi, sikwenda. Eustace alifika baada ya wiki tatu, akasema ataiangalia siku nyingine, hiyo siku nyingine haijafika, na mimi sijaifungua hata mara moja. Mwezi uliopita kwenye kipaimara cha Monika, mtoto wa dada Kalista, sahani ya wali mkononi, shangazi akawaambia watu, huyu mnayemwona hakutoa chozi, alikuwa kazini, wakacheka, nami nikacheka, na usiku wote nikageuka kitandani, kwa sababu kinachoniuma si kwamba amesema, ni kwamba huenda ni kweli. Sikumbuki kulia. Nakumbuka betri ilikuwa asilimia thelathini, nakumbuka tone la maji kwenye lenzi na jinsi nilivyolifuta kwa ncha ya kanga, nakumbuka kuwaza mwanga ni mzuri, Mungu nisamehe, mwanga ni mzuri, sanduku la baba linashuka na mimi nawaza mwanga, je, nilimzika baba yangu au nilimpiga video tu? Na yeye mwenyewe humo hayumo, maana akiwa hai kila nilipoinua kamera aligeuza uso, piga mahindi, alisema, hayo yanajua kusimama, na akageuka na jembe lake, mgongo wa baba ukienda, shati la kaki, shingo, kofia, hiyo ninayo kichwani bila GB hata moja, kwa hiyo humu ndani kuna sanduku na matope na miavuli na binti asiyelia, cha nini sasa, Ndiyo, bonyeza Ndiyo mama wa watu awahi basi... mwanangu, anasema Mama Sayi, na sauti nayo uiweke vizuri, huyu bibi yake Sayi ninayempelekea haoni tena, picha si kitu kwake, atasikia tu, mwanzo hadi mwisho atakuwa anasikia, sawa mama, nasema, nitaiweka vizuri, bibi ameketi mahali mkoa wa mbali amefumba macho na sendofu yote inapita masikioni, vigelegele, mshereheshaji, vijiko, na mimi, atanisikia na mimi kama sijajitoa, kwa sababu kinasa sauti kiko juu ya kamera, hapa, shibiri moja kutoka mdomoni kwangu, kila sherehe ninayopiga mtu wa kwanza kusikika ni mimi, ninavyopumua, ninavyokohoa, samahani mama sogea kidogo, na kazi yangu ya kwanza nikiketi kuhariri ni kujitoa, kujikatakata mpaka isibaki pumzi yangu hata moja... lakini hili sijalihariri. Hili sijajitoa.

Nabonyeza Hapana. Navaa hedifoni, mama anasema kitu, simsikii tena, nalifungua, sitazami, nimefumba macho kama yule bibi, mvua juu ya mwavuli, kwaya kwa mbali, koleo, nasogeza mbele, katekista anaita watoto waje kuweka udongo, Eustace, mtu anasema hayupo, Kalista, na udongo unaanguka, kishindo kidogo juu ya mbao, kisha Redempta, na hapo nafumbua macho, naye katekista ananitazama moja kwa moja ndani ya lenzi, ananitazama mimi hapa Mazwi, na hakuna mkono unaotokea mbele ya picha, anaita tena taratibu, Redempta, na hapo inakuja, si kwa mbali waliko akina mama wanaoomboleza, ni ndani ya sikio langu, imenigusa, kitu kidogo kinachokwaruza, tata, tata, tata, Kifipa ambacho siku hizi sikitumii hata kwenye simu, nilivyomwita baba kabla sijajua shule wala mjini, na pumzi inakatika, na picha inatikisika, mpaka ulezi na watu wanachanganyika, na sauti yangu haikomi, dakika nne, tano, nazihesabu kwenye skrini, sita, na mama amenishika bega, imekwama? ananiuliza, mbona unalia mwanangu, imekwama? Hapana mama, haijakwama. Nilikuwa kazini shangazi, ni kweli, na nilimlilia, nilimlilia kuliko wote waliokuwa wamesimama pale, ila nilikuwa karibu mno na kamera, hakuna mwingine aliyenisikia.