Dakika ya Nne

Miaka ishirini na sita nafundisha hesabu, na sauti yangu inafika mpaka jikoni kwa wapishi, ndiyo maana wanafunzi wananiita Kengele. Basi mwalimu mkuu alipotuambia tujirekodi, watoto watazame somo nyumbani kwenye vishikwambi na darasani waje kufanya mazoezi tu, nilicheka. "Yaani somo lipikwe nyumbani, shuleni tuje kuosha vyombo?" Hakucheka. Nikajirekodi.

Nilianza na kugawanya kwa sehemu. Tatu gawanya kwa robo tatu. "Geuza ya pili, kisha zidisha," nilisema mbele ya simu, kama ninavyosema kila mwaka. "Ni wazi." Jibu nne, tumemaliza.

Kompyuta ya ofisini ilionyesha nani ametazama na amesimamisha wapi. Ijumaa asubuhi niliketi nayo, mkononi nina fomu ya kumrudisha mtoto mmoja arudie darasa. Tulimwita Kwanini. Jina nilimpa mimi mwenyewe, mwaka jana, aliponiuliza kwa nini hiki, kwa nini kile, mpaka nikamwambia, "We mtoto, hesabu haiulizwi, inafanywa!" Darasa likaangua kicheko. Tangu siku ile hakufungua mdomo, na alama zake zikaporomoka. Mama yake, fundi cherehani, alishaniambia, "Mwalimu, akirudia darasa simleti tena. Kuna mashine ya pili nyumbani, atakaa hapo." Mwalimu mkuu aliitaka fomu kabla ya saa sita. Ilibaki sahihi yangu tu.

Nikaliona jina lake kwenye kompyuta. Wenzake wametazama mara moja, wajanja wengine nusu. Yeye mara thelathini na moja. Na kila mara amesimamisha palepale, dakika ya nne, akarudisha nyuma. Nikafungua nione kuna nini hapo. Nikajiona nimesimama, shingo nimeinyoosha, nasema, "Ni wazi."

Jamani, aibu niliyoiona! Nilijiuliza kwa nini tunageuza, na jibu sikuwa nalo. Miaka ishirini na sita.

Darasani, wenzake wakiwa wameinamia mazoezi, nilikwenda kwenye dawati lake, fomu bado mkononi. "Dakika ya nne unatafuta nini, mwanangu?"

Alinitazama kwanza, kuona kama nitamcheka. "Natafuta kwa nini, mwalimu. Hukusema. Lakini jana nilikiweka kishikwambi kando ya cherehani ya mama, nikaipata sababu. Naomba karatasi tatu nikuonyeshe." Akatoa mkasi kwenye mkoba.

Nilichana mbili kwenye daftari langu. Ya tatu, nikatazama nilichoshika. Nikampa.

"Hivi ni vitambaa, mita tatu," alisema. "Mfuko mmoja unataka robo tatu. Mama hakati mifuko moja kwa moja, kwanza anakata robo." Mkasi ukapita. "Kila mita inatoa robo nne, ndiyo ile nne ya chini tunayozidishia. Zimekuwa kumi na mbili. Sasa anachukua tatu tatu, ndiyo ile tatu ya juu tunayogawanyia. Mifuko minne. Hatugeuzi bure, mwalimu."

Nilistaajabu, nikakaa kando yake kwenye kibenchi cha watoto. Kitu nilichokariri tangu utotoni kilikuwa kimelala mezani mbele yangu, mafungu manne ya vipande vitatu vitatu, na aliyekifungua ndiye niliyemfunga mdomo.

"Rudia," nilimwambia. "Kwa sauti, wenzako wasikie."

Akarudia. Darasa zima likamzunguka, wakamuuliza kwa nini, akawajibu, na mimi Kengele nimenyamaza kimya.

Mwalimu mkuu akachungulia mlangoni. "Mwalimu, saa sita hii. Fomu yangu iko wapi?"

"Hiyo hapo mezani. Imekatwa vipande vinne."

"Imekatwa? Kwa nini?"

Nikasogea, nikampa nafasi kwenye kibenchi. "Kaa, mkuu," nilimwambia. "Mtoto akueleze."