Siku Mtaa Ulipozima Moto

Mjukuu wangu Nusaiba alikuja Kibiti na habari mbili ndani ya simu moja. Ya kwanza, amepata kazi ya kufundisha Kiswahili India, mji wa Delhi, katika chuo kinachofundisha lugha za watu. Ya pili, hewa ya mji huo ina rangi.

Nilidhani ananitania, maana ukoo wetu hauna mtu asiyetania. Akanionyesha kioo cha simu. Kila mji umewekewa duara lake: kijani ni hewa nzuri, njano ya kuvumilia, nyekundu ya kufunga madirisha, na zambarau ndiyo ile ya kusoma dua. Alirudisha mpaka Novemba ya mwaka jana, Delhi nzima ikawa zambarau kama shamba la bilinganya. Nikamwuliza watu wa huko wanavuta nini basi. Akasema wanavuta hiyohiyo, hawana nyingine.

Ingekuwa yeye peke yake angeshafunga begi. Nusaiba ana shahada siku nyingi, na siku nyingi anajitolea katika sekondari moja kule Ikwiriri, akilipwa kwa michango ya wazazi na shukrani, na katika hivyo viwili ni shukrani tu inayokuja kwa wakati. Lakini ana Warda. Warda ni mwanawe, yuko darasa la pili, na kifua chake ni kama cha kuazima, kina pumu. Moshi ukipita kwa jirani, yeye kaupata. Mama yake ana desturi ya kumlaza kifudifudi na kumtegea sikio mgongoni, "vuta pumzi nisikie," kama fundi anayesikiliza injini ya boti. Baba yake Warda yupo, ila yupo kwa mke mwingine, upande wa Mloka, kando ya mbuga, na huko tembo wanamtosha.

Kazi yenyewe ilimruhusu kwenda na mtoto. Basi akawa na mambo ya kupima: aende na Warda kwenye zambarau, aende amwache, au abaki na michango yake. Chuo kilitaka jibu kabla mwezi haujaisha.

Mimi nilimtaka Warda. Nasema wazi. Binti zangu wameolewa wote, mume wangu yuko makaburini, na Warda ndiye mtu pekee anayecheka utani wangu kabla sijaumaliza. Humwita mke mwenzangu, naye hunijibu kwamba mume wetu alikosea kuchagua mara ya kwanza. Mtoto wa namna hiyo humwachii India.

Nikamwambia Nusaiba amwache kwangu. Hapa Kibiti, nikasema, hewa ni ya Mungu, haijachanganywa na kitu.

Nusaiba akatazama uani. Uani kwangu palikuwa na uchanja wa kubanikia samaki. Kambare wananijia kwa pikipiki asubuhi kutoka mtoni, nawapanga juu, chini naweka makumbi ya nazi na vipande vya mkoko, na jioni nawauzia abiria wa mabasi ya kusini. Watoto wa mtaani huniita Bibi Moshi, nami huitika. Saa ile uchanja ulikuwa unafuka vizuri tu, na Warda alikuwa amekaa nje ya ua, kitambaa puani, akinipungia mkono.

"Nitakuja na kipimo, bibi," Nusaiba akasema. "Tupime tuone."

Kipimo chenyewe angekiazima kwa Mudathiri, mwalimu mwenzake wa sayansi. Ni kidude cha kiasi cha redio ya mfukoni, kinanusa hewa na kutoa rangi kama zile za kwenye simu. Angekuja nacho wiki inayofuata.

Sasa, kupimwa ni kupimwa, lakini hakuna mwanamke anayekwenda kupimwa bila kujitengeneza kwanza. Nikazima moto. Uchanja nikaumwagia maji, nikausugua, nikautandika mkeka na juu yake kanga mpya, ukawa kama kitanda cha wageni. Kisha nikaona kuzima kwangu peke yangu hakutoshi. Jirani yangu Salima anakaanga vitumbua kwa kuni mbichi. Jirani wa nyuma, Bushiri, Mmatumbi aliyeshuka kutoka milimani akapanda mikorosho mpaka ukutani kwangu, huchoma takataka kila jioni kama ibada. Ningewaomba kwa heshima wangeniuliza maswali. Nikawaambia mabwana afya wanakuja nyumba kwa nyumba, na penye moshi pana faini.

Sijawahi kuona uongo unaotembea kwa kasi vile. Kufika alasiri mtaa mzima ulikuwa umezima. Salima akawa anauza mikate ya dukani, uso ameukunja. Wanaume wakanywa chai iliyolala kwenye chupa huku wakiwalaani mabwana afya ambao hata hawajazaliwa. Mimi nikawa mkali kuliko wote. Nilimkemea hadi mzee mmoja aliyewasha ubani.

Nusaiba alipofika na Warda, akaweka kipimo barazani. Kikafikiri kidogo, kikatoa kijani. Akakipeleka jikoni, kijani. Akakipeleka uani, penye uchanja uliovaa kanga, kijani. Akainama akanusa kanga niliyojitanda, akaguna, kwa kuwa kanga zangu zina moshi tangu ujana wangu.

Lililomshangaza halikuwa kwenye kipimo. Warda alicheza uani kutwa nzima. Akala wali nilioupika kwa jiko la gesi la kuazima, akalala, na usiku kucha hakukohoa. Alfajiri nilimkuta Nusaiba ameketi kando ya kitanda, sikio mgongoni kwa mtoto. Akaninong'oneza kwamba tangu Warda aanze shule hajasikia kifua kile kikiwa kimya namna ile. Mimi moyoni nikaanza kutafuta pa kuweka madaftari yake.

Ndipo Bushiri akawasha bomba lake.

Ulikuwa msimu wa salfa. Kila mwenye mikorosho hupuliza unga ule mapema, kabla upepo haujaamka, maua yasishikwe na ugonjwa. Nasi tunajua kuishi nao: ukisikia mlio, funika maji, ingiza nguo, peleka watoto upande upepo unakotoka. Bushiri ni mtu mwema, hutuarifu siku moja kabla. Siku ile hakutuarifu kwa sababu alikuwa na haraka. Alitaka amalize kabla mabwana afya hawajafika.

Wingu la njano likaruka ukuta. Kipimo barazani kikatoka kijani kikaenda njano, kikaenda nyekundu, kikaenda zambarau, wala hakikupumzika katikati. Delhi sijui inachukua muda gani kufika hapo. Sisi tulifika kabla chai haijamiminwa. Warda alitokea mlangoni ameshika fremu. Mabega yamepanda, shingo imezama, na ile filimbi ya kifuani imeanza. Nusaiba akambeba, mimi nikachukua kipulizio chake cha dawa na viatu, tukakimbia kuelekea barabara kuu mpaka uwanja wa mpira, ambako salfa haikuwa imefika. Akampulizia dawa, akamwegemeza, akawa anavuta pumzi pamoja naye, polepole. Ilichukua muda. Filimbi ikapungua, ikapungua, mpaka ikabaki pumzi ya kawaida. Mimi nilikuwa nimesimama na kiatu kimoja mkononi, cha pili sijui kimeanguka wapi, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na utani.

Jua lilipopanda Bushiri akatufuata uwanjani, salfa bado imo kwenye nyusi, kile kiatu cha Warda kakishika. Akaomba radhi kwa adabu zake zote. Angejua kuna mgonjwa, asingepuliza. Kisha, maskini wa Mungu, akanigeukia.

"Lakini Bi Mwanaamina, hao mabwana afya wameshapita? Maana nyumbani hatujawasha moto leo siku ya tatu."

Nusaiba akanitazama. Mimi nikatazama goli.

"Mabwana afya gani, bibi?"

Nikaeleza. Nilieleza yote, uchanja, Salima, takataka, hata mzee wa ubani. Bushiri akakaa chini akacheka mpaka unga ukamwagika kutoka usoni, halafu akakumbuka mikate mikavu aliyoila, akaacha kucheka. Nusaiba hakucheka tangu mwanzo. Nilingoja aniambie kwamba mtoto haachwi kwa mwongo, na ningekubali, maana ndivyo ilivyo.

Alikuwa anampapasa Warda mgongo. Mwisho akasema, "Hewa ilikuwa ya uongo, bibi. Usingizi ulikuwa wa kweli."

Nikachukua kiatu cha pili kwa Bushiri, nikaanza kumvisha Warda.

"Nimewauliza chuoni wanafanya nini moshi ukija," akaendelea. "Wamenijibu vizuri tu. Darasani kuna mashine za kuchuja, njiani nivae barakoa, nyumbani nijitafutie. Mtu mzima atabanana hapo. Mtoto huyu hapana. Delhi mimi siwezi kuizima. Wewe umeuzima mtaa kwa uongo mmoja."

"Na huo mmoja umeshaisha," nikasema.

"Basi safari hii uzime kwa ukweli."

Masharti yake akayatoa palepale, Bushiri akiwa shahidi asiyealikwa. Yeye angekwenda mwaka mmoja, kifua chake ni kizima. Warda angebaki kwangu, ila si kwangu kule kwa zamani. Msimu wa salfa mtoto asikae Kibiti. Na uchanja utoke.

La salfa lilikuwa jepesi. Sisi Wandengereko hatujawahi kubishana na maji ya Rufiji. Yakipanda tunahama, yakishuka tunarudi shambani. Salfa nayo ni mafuriko, ila makavu. Mdogo wangu Mwanamkuu anakaa Kiongoroni, nyumba yake inapigwa na upepo wa bahari mpaka milango inaota chumvi. Wiki ileile nikamchukua Warda, tukapanda boti Nyamisati, tukakaa kwa Mwanamkuu hadi mikorosho ya watu iliposhiba unga wake.

La uchanja lilikuwa zito. Ule ndio ulionilelea binti zangu, na ndio jina langu mtaani. Nilipokuwa namtaka mtoto kwa mdomo mwepesi nilidhani inayopimwa ni Delhi, kumbe ni mimi. Nilizunguka uchanja ule kutwa, nikaupiga teke, nikauomba radhi. Kisha nikamwita Bushiri aje aubomoe, na mimi nikaenda sokoni nisione. Sasa nauza samaki wa kukaanga kwa gesi. Abiria wanalalamika hawaipati ile harufu. Nawaambia harufu imekwenda India kufundisha.

Majirani niliwaendea na ukweli kama nilivyoagizwa, nao ukweli ulitembea taratibu, kama una mguu mbovu. Salima alininunia kwa ajili ya vitumbua alivyokosa kuuza, mpaka siku alipomwona Warda amekipachika kile kipulizio mdomoni. Tangu hapo anapikia kuni kavu na jiko amelihamishia upande wa pili wa nyumba. Bushiri anafukia takataka, na salfa ameapa kuja kugonga mlango siku mbili kabla. Hewa si kijani kila siku. Mara nyingi ni njano, ile ya kuvumilia.

Nusaiba aliondoka mwezi wa nane. Nguo za Warda za kubaki alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena. Za kwake alizisokomeza tu. Kipimo alimrudishia Mudathiri, akanunua kingine akamwachia Warda, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu mtoto amegeuka mtoza ushuru. Anaingia jikoni kwa watu, anasoma rangi, anaondoka bila kuaga. Juzijuzi nilishikwa na hamu ya kambare wa kubanika. Nikachukua wawili nikaenda nao shambani kwa Bushiri, mbali kabisa, nikabanika, nikala hukohuko, nikajipaka mafuta ya nazi, nikarudi nimejinyoosha kama mtu atokaye msikitini. Warda hakuwasha hata kipimo.

"Mke mwenzangu," akasema, "vua hiyo kanga ukaifue."

Nikaifua.

Sasa ni Novemba. Nusaiba hupiga simu akitoka darasani. Anasema wanafunzi wake wana bidii, wanamwamkia shikamoo hata muuza chai wa getini, naye ameshazoea kuitikia marahaba. Jana nikamwuliza kwenu leo rangi gani. Akaniuliza nyanya Kibiti bei gani. Mimi ni fundi wa kuficha moshi, na anayejifunza kazi yangu namtambua kwa mbali. Nikamwuliza tena. Akasema jengo la pili la chuo halionekani, barakoa anayo, na mkataba una mwisho.

Warda akaninyang'anya simu, akaibana sikioni kwa mikono miwili.

"Mama, vuta pumzi nisikie."

Pumzi ikaja, ndefu, na mwishoni ikakwaruza kidogo. Warda alikuwa ameinamisha kichwa, macho ameyafumba, kama fundi wa boti.

"Tena," akasema.